Niko na .30-06, ya pili iwe kalibre gani?

"Bonjour fundi. Niko hapa Lubumbashi, miaka 47. Niko na karabini moja tu, .30-06, FN ya zamani yenye ilikuwa ya baba mukubwa, makaratasi yake iko sawa. Ninawindaka mu ferme ya rafiki ku barabara ya Kasenga: kabuluku (swala kadogo ka kichaka), ngiri, kanga, mara moja moja kongoni. Mwaka kesho tuko na mupango ya kwenda kuwinda nyati Namibia. Rafiki mumoja anauzisha .300 Winchester Magnum pamoja na lineti yake (darubini ya kulengea), anasema iko na nguvu mara mbili ya .30-06 na ku nyati itatosha kabisa. Mwingine anasema niache michezo nichukue .458. Tena kijana wangu wa miaka 19 anataka kujifunza. Makuta iko ya bunduki moja. Nichukue gani, na mbona kila mutu anasema yake?"

Bonjour ndugu yangu. Asante juu umeeleza mambo yote, batu mingi banaulizaka paka "kalibre gani iko muzuri" bila kusema banawinda nini na fasi gani, na pale nakosaka hata pa kuanzia. Kila mutu anasema yake juu kila mutu anajibu swali yake mwenyewe. Ule wa .300 anawaza kupiga mbali, ule wa .458 anawaza nyati mwenye hasira anamukimbilia, na wewe uko mu pori ya miti ya Katanga na bunduki yenye tayari inafanya karibu kazi yote ya pale. Mimi naona swali ni hii: kitu gani .30-06 yako haiwezi kufanya, na hiyo kitu utaifanya mara ngapi mu maisha yako? Ukijibu hiyo, kalibre inajichagua yenyewe.

Nianze na rafiki ya .300, juu yeye njo eko karibu kukamata makuta yako. "Mara mbili" siyo kweli. Sisemi anakudanganya, ile jina Magnum njo inafanyaka batu banasema vile. Tuhesabu: .30-06 na risasi ya greni 180 (gramu 11.7) inatoka ku mudomo ya bunduki na mwendo wa kama mita 820 kwa sekunde, nguvu yake karibu jouli 3,950 (jouli njo kipimo cha nguvu). .300 Winchester Magnum, na risasi ya buzito ule ule, inatoka kama mita 900 kwa sekunde, nguvu karibu jouli 4,750. Ni asilimia 20 ya zaidi. Na juu ya ile 20 unalipa baruti mingi, kelele kubwa, na teke ku bega lenye linaongezeka kushinda hiyo asilimia. Tena risasi zenyewe ni za bunene moja, zote ni za milimita 7.8, ukizitoa mu maganda na kuziweka ku meza huwezi kusema hii ni ya bunduki gani. Kwa hiyo unanunua tundu ile ile uko nayo tayari, inatembea tu mbio kidogo.

Mbio ile inasaidia wapi? Mbali. Ukirekebisha bunduki zote mbili zipige katikati ku mita 180, ku mita 275 ile .30-06 inashuka kama sentimita 21 na .300 inashuka kama sentimita 18. Hiyo tofauti ni vidole viwili. Sasa niambie, ku barabara ya Kasenga umepiga nyama ku mita 275 mara ngapi? Mu miti ya kule kabuluku unamuona ku mita 40 anaingia mu majani, kongoni labda 80, labda 100 kama eko mu uwazi. Mwezi wa nane, wa tisa, kisha majani kuungua, unaona mbali zaidi, na mu mbuga za Lufira mutu anaweza kupata nafasi ya mita 200, lakini hata pale .30-06 inafika bila shida kama wewe mwenyewe unajua kupiga. Na mu karibu ile .300 inakuwa na ubaya wake: risasi ya kawaida ya ncha laini ikifika na mwendo mukali sana ikakuta mufupa wa bega ku mita 40, inaweza kupasuka vipande mbele ya kuingia ndani, na ku kabuluku bega lote linageuka damu, nyama ya kutupa. Iko risasi ngumu zaidi za kuzuia hiyo, lakini bei yake siyo ya kuchezea.

Halafu nyati. Hapa hakuna hata mabishano, juu sheria ya kule imeshakata. Namibia inaomba jouli 5,400 ku mudomo ya bunduki kwa nyati, tembo na banyama ba namna ile. Zimbabwe nayo inaomba risasi ya milimita 9.2 kuendelea, na jouli 5,300. .300 iko na 4,750 na risasi yake haifike hata milimita 8. Utafika na bunduki ya makuta mingi, banakuambia muzee weka hiyo mu mufuko. Kwa kazi yenye inakupeleka kuinunua, hairuhusiwi. Mimi kwa rafiki huyo ningesema asante, lineti ni muzuri, hapana.

Sasa mbona banaweka viwango kama vile, na .30-06 inaua kongoni muzima bila shida? Hapa nataka uelewe kitu kimoja, juu ukikielewa hutababaishwa tena na mutu wa ku duka. Risasi haiui kwa kusukuma nyama. Ingekuwa vile, na wewe ungeanguka nyuma kila mara, juu msukumo wenye unatoka mbele hauwezi kupita ule wenye unarudi ku bega lako. Risasi inaua kwa kutoboa: inapita mu mapafu ao mu moyo, damu inatoka, presha inaanguka, bongo inakosa damu, nyama inalala. Kabuluku njia ile ni fupi, ngozi ni laini, karibu kila kitu kinafika. Nyati mukubwa anaweza kupita kilo 700, ngozi ya shingo na ya bega ni nene, mbavu zake ni pana na zimekaribiana, na mu tumbo kuko majani ya maji yenye inazuia risasi vibaya sana kama umepiga kwa kupinda. Risasi inapashwa kufika ndani kabisa ikiwa bado nzima na bado inaenda sawasawa.

Vitu vitatu njo vinaifikisha. Cha kwanza ni buzito ukilinganisha na bunene: risasi ndefu na nzito kwa bunene bwake inaingia sawa musumari, fupi na nyepesi inasimama mapema. Cha pili ni namna imetengenezwa. Ile ya ncha laini inafunguka, inafanya tundu pana, lakini inapunguza safari. Ile ngumu, ya ganda zima (chuma kigumu kinafunika risasi yote) ao ya shaba tupu bila tundu ku ncha, haifunguke, inapita mbali. Ku nyati bawindaji mingi banaweka ya kwanza ncha laini yenye nguvu, na zenye zinafuata ngumu, juu kisha ile ya kwanza nyati anageuka, anakimbia, anakupa matako, na pale unahitaji risasi yenye inapita muzima muzima kutoka nyuma. Cha tatu, na banakisahauka, ni bunene ya tundu yenyewe, juu kama umekosea kidogo tundu pana linatoa damu zaidi na linakuachia alama ya kufuata mu majani. Mwendo mukali hauko mu hii orodha yangu. Unasaidia kupiga mbali, na unasaidia risasi kufunguka, basi.

Najua mutu atakuambia habari ya WDM Bell, Mskoti mwenye alipiga tembo zaidi ya elfu moja na mingi aliipiga na ka 7x57 kadogo, hata mu Lado, ile inchi ya kaskazini yenye ilikuwa chini ya Leopold wakati ile. Ni kweli kabisa. Lakini Bell alitumia risasi ngumu za ganda zima, alijifunza kichwa ya tembo mupaka alijua bongo iko wapi ku kila pembe, na alifanya ile kazi kila siku. Wewe na mimi tunawinda ku vakanse. Tuache Bell mu vitabu.

Tuende ku ule wa pili, .458. Hii ya Winchester ilitoka mwaka 1956, inatupa risasi ya greni 500, karibu gramu 32, nguvu inapita jouli 6,000. Kwa tembo mu pori nzito, kwa mutu mwenye kazi yake ni kusimama nyuma ya bageni na kubaokoa, ni bunduki ya kweli. Kwa wewe naona ni makuta ya kukaa mu kabati. Teke lake ni karibu mara tatu ya .30-06 yako, na mutu mwenye hajazoea anaanza kufunga macho mbele ya kufyatua. Hii njo ugonjwa mubaya kushinda yote mu kuwinda, na inabaki hata ukirudia bunduki ndogo. Mutu anapiga kartushi tano ya .458 ku meza siku moja ya jumamosi, kisha mwezi muzima anapiga .30-06 yake chini kushoto na anasema lineti imeharibika. Lineti iko muzima. Tena risasi ile nzito na ya polepole inashuka mbio, kisha mita 150 unaanza kubahatisha. Nyati na tembo tu, haina kazi ingine.

Katikati ya hizo kuko ile yenye karibu kila fundi atakuambia, na kwa hii sitajifanya mujanja: .375 H&H Magnum. Holland & Holland ya London iliitoa mwaka 1912, na miaka yote hii bado njo kipimo: mu inchi mingi za Afrika sheria ya nyama hatari inaanzia paka pale. Risasi ya greni 300 (gramu 19.4), kama mita 770 kwa sekunde, karibu jouli 5,780. Inapita kiwango cha Namibia na inabakisha kidogo. Lakini mimi naipendea kitu kingine, inapiga karibu sawa na bunduki ya kawaida: ukiirekebisha ku mita 180, ku mita 275 inashuka kama sentimita 28 ao 30. Kwa hiyo nyati ku mita 50, pofu ku mita 150, zote mbili bila hesabu ngumu. Teke lake ni karibu mara mbili ya .30-06, lakini mu bunduki ya kilo 4 na kitu ni teke la kusukuma, siyo la kukata, mutu wa kawaida anaizoea kama anaenda polepole.

Ganda lake nalo angalia kama utalipata mukononi. Ni refu, limechongoka polepole kutoka kitako mupaka bega (fasi ganda linapunguka karibu na risasi), karibu halina bega. Ni juu ya baruti ya zamani ile ya Waingereza yenye ilikuwa sawa nyuzi ndefu, lakini kwa sisi ba inchi ya joto inasaidia: mwezi wa kumi kartushi ikipata joto ndani ya motokari presha inapanda, na ganda lenye limechongoka linatoka mu chumba (fasi kartushi inakaa ndani ya bunduki) bila kukwama. Ule mukanda ku kitako, batu banasemaka unaongeza nguvu ya ganda, hapana, uko pale kwa kusimamisha kartushi fasi yake mu chumba juu bega lake ni laini sana haliwezi kufanya ile kazi.

Kuko mudogo wake, 9.3x62, Mjerumani Otto Bock aliitengeneza mwaka 1905 kwa bawindaji na bakulima ba Kijerumani huku Afrika. Ilikuwa bei nafuu juu inaingia mu Mauser 98 ya kawaida, urefu ule ule wa FN yako karibu, wakati .375 inaomba mashini ndefu. Risasi greni 286, kama mita 720 kwa sekunde, karibu jouli 4,800, teke dogo kuliko .375. Mimi naipenda sana hii kalibre, kwa pofu, palahala, nguruwe pori mu majani hakuna yenye inaishinda. Lakini kartushi zake za kawaida hazifikie jouli 5,400. Kwa safari yako inakuwa ya kubishana ku mupaka, na wewe hauende kule kubishana.

Sasa nikuambie kitu chenye muuzaji hatakuambia. Kama nyati ni mumoja mu maisha, usinunue bunduki ya nyati. Ma kampuni ya kuwindisha kule banakodishaka .375 kwa mugeni, unalipa kwa siku, unakuta lineti imeshawekwa, kartushi iko, na unaokoa safari ya makaratasi ya kutoka na bunduki Kongo, kupita Kasumbalesa, kuvuka Zambia yote, kuingia Namibia, kisha kurudi nayo kwa njia ile ile. Kila mupaka inaomba ruhusa yake na kila moja inapashwa kuombwa mbele, siyo ku dirisha. Kwa nyati mumoja, kodi ni bei ndogo. Bubaya bwake ni kwamba unapiga nyama hatari na bunduki yenye hauijue, kwa hiyo fika siku moja mbele na uombe kupiga kartushi kumi na moja kumi na mbili ku shabaha kutoka kusimama na kutoka ku vijiti vya kuegemeza bunduki, siyo tatu.

Na kama utakodisha, makuta yako ya bunduki inabaki kwa maisha yako ya kila siku, ni kusema ferme. Pale mimi naona tundu kubwa mu kabati yako haiko juu, iko chini. Kanga unamupiga na nini sasa? Na .30-06? Nyama gani inabaki? Kabuluku ku mita 25 mu kichaka, anaruka kushoto na kuume, karabini yenye lineti haimufuate. Kalibre 12 ya mitutu miwili, ile yenye inatupa chembe mingi mara moja, njo bunduki ya kazi ile, chembe ndogo kwa kanga, kubwa kidogo kwa kabuluku, mupaka mita 30, 35, usipite pale juu chembe zinatawanyika unajeruhi nyama anaenda kufa mbali. Kartushi zake njo zinapatikana kirahisi kushinda zote mu eneo letu, hata Pointe-Noire kule Kongo ya ngambo kulijengwa kiwanda cha kuzitengeneza. Tahadhari moja tu, na naomba uikamate sawasawa: usichanganye kalibre 12 na kalibre 20 mu mufuko moja. Kartushi ya 20 ikiingia mu mututu wa 12 inateleza mbele inakwama, huioni, unafikiri mututu uko wazi unaweka ya 12 nyuma yake, unafyatua, mututu unapasuka na mukono wa kushoto uko pale pale. Viwanda vingi vinafanya ganda la 20 kuwa manjano juu ya hatari ile.

Kijana wako. Mutoto wa miaka 19 usimufundishe na .375, hata na .30-06 usianze nayo. .22 LR, kale kadogo ka tangu 1887, njo mwalimu. Hakana teke, kelele ni kidogo, kartushi ni bei ndogo, anapiga mingi mupaka kidole chake kinajifunza kukamua polepole badala ya kuvuta. Kisha anapanda ku .30-06 na risasi ya greni 150 yenye inapunguza teke kidogo. Ukiwa na rafiki mwenye .22 na ruhusa yake, peleka kijana kule, siyo lazima ununue. Lakini permi ya bunduki ni ya mutu, haifuatake familia: kijana anapiga ukiwa pembeni yake, hatembei na bunduki yako yeye peke yake, na kama anataka kuwinda kwa jina lake aombe yake.

Kwa hiyo ungeniuliza mu uso, ningejibu hivi. Kama nyati ni mara moja: kodisha .375 kule, nunua kalibre 12 huku. Kama unajijua, na naona mu maneno yako kuko kitu, kwamba kisha nyati wa kwanza utataka wa pili, na pofu, na palahala: nunua .375 H&H, na ile .30-06 polepole inakuwa ya kijana, na hapo mumekuwa na bunduki mbili zenye hazirudiliane kazi. .300 ingekuacha na mbili zenye zinafanya kazi moja na hakuna yenye inafanya ile ingine.

Ukichukua .375, usiweke lineti kubwa ile ya kuonyesha. Inayoanzia mara 1 ao 1.5 mupaka 4 ao 5 inatosha, ku mita 30 mu majani unahitaji kuona pana. Na iwe na nafasi ya kutosha kati ya jicho na kioo, zaidi ya sentimita 8, juu bunduki ya namna ile ikirudi na jicho liko karibu, pete ya lineti inakata nyusi, na kuko bazee mingi hapa mujini benye alama ile na bote banasema ni mpira. Kuzoea: kartushi tatu ine kwa siku, ukiwa umesimama, mwili unaenda nyuma pamoja na bunduki, ku meza umekaa bega linakula yote. Katikati ya kila moja piga .22 ao piga kavu bila kartushi. Ku nyati mwenye amekupa ubavu fuata mustari wa nyuma ya muguu wa mbele, panda theluthi moja ya kifua, pale pale. Batu banapiga juu sana, banafikiri moyo uko katikati, uko chini.

Mambo ya sheria nisipite mbio. Inchi yetu iko na sheria ya kuwinda namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, na ya silaha na risasi namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Kuwa na bunduki na kuwa na ruhusa ya kuwinda ni makaratasi mbili tofauti, na karatasi ya bunduki yako ya sasa haifuniki bunduki ya pili. Enda kuuliza ofisi yenye ilikupa ruhusa ya kwanza MBELE ya kutoa hata falanga moja ya acompte (malipo ya kwanza), ukiwa na jina la kalibre limeandikwa, juu si kila kalibre banakubali na mimi nimeona batu bamelipa bunduki yenye haitoke ku duane (forodha). Hapa kuko tena sababu ya kukimbia .223 na .308 hata kama ni kalibre muzuri za kuwinda: zinafanana na kartushi za kivita, na ku barieri usiku hauna hamu ya kufundisha askari tofauti yake. Mu barabara bunduki iko mu mufuko wake, kilasi (chuma chenye kinafunga nyuma ya mututu) imetolewa, kartushi fasi ingine, makaratasi mu mukono. Na .308 iko na hatari ingine kwa mwenye .30-06: kartushi yake ni fupi, inaingia mu chumba cha .30-06, inaweza kufyatuka na ganda likapasuka ndani. Soma kitako cha kartushi kila mara, hata kama ni wewe mwenyewe uliijaza mu mufuko asubuhi.

Kuna mambo yenye siwezi kukusaidia kwa maandishi. Kama uliisha kufanyiwa operesheni ya jicho, ao munganga alikuambia retina yako ni dhaifu, ao bega na shingo zinakusumbua, uliza munganga mbele ya kushika .375, na umwambie wazi ni bunduki ya teke kubwa, asifikiri ni ya kanga. Na ile FN ya baba mukubwa, mbele ya kufikiri ya pili, ipeleke kwa fundi wa bunduki aiangalie mukononi. FN ilifanya karabini muzuri sana ku mashini ya Mauser, na ma .30-06 mingi zimekaa huku tangu wakati wa Babeleji, lakini miaka ile kutu inaweza kuwa mu chumba na mbao inaweza kupasuka nyuma ya kilasi, fasi yenye haionekane mupaka uitoe mu mashini. Enda na maganda matatu ine yenye umefyatua karibuni. Akiyageuza mu mwanga na kuona mustari wa kungaa unazunguka karibu na kitako, juu kidogo tu ya pale ganda linaanza kupanda, usipige tena ile bunduki mupaka apime chumba. Na umuulize siku ile ile kama anaweza kukupatia kartushi za greni 180 za ncha laini yenye nguvu, sanduku mbili za kiwanda kimoja, juu nashuku kongoni wako mingi umewapiga na kile kilipatikana.